Majeraha Manane Bandarini Dar es Salaam



Leo naomba tupande pantoni. Tupande pale Magogoni asubuhi, wakati wenzetu wa Kigamboni wanashuka mbio kuja kazini na sisi tunakwenda kinyume chao. Kuna mama mwenye ndoo ya samaki, kuna kijana na baiskeli yake, kuna mwanafunzi amejibanza nyuma ya lori. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Wengi wetu hata maji hatuyaangalii. Tunaangalia saa, au tunaangalia simu.

Sasa pantoni ikifika katikati, simama kidogo uangalie huku na huku. Upande mmoja ni bahari kuu, ambako meli kubwa zinasubiri zamu. Upande wa pili ni bandari yetu, pana na tulivu kama ziwa. Kila chombo kinachoingia au kutoka lazima kipite hapa uliposimama wewe, katika mkondo huu mwembamba, ng'ambo zote mbili zikikitazama. Ukiwa na bunduki huku na mwenzio ana bunduki kule, hapiti mtu.

Basi mahali hapo, siku ya Jumamosi tarehe 28 Novemba 1914, alipita mtu. Alipita akipigwa risasi, na alipofika baharini alikuwa na majeraha manane na fahamu zimemtoka. Kwa siku hiyo moja serikali yake ilimpa nishani kubwa kuliko zote za vita katika himaya ya Uingereza, Msalaba wa Victoria. Jina lake Henry Peel Ritchie.

Nimekuwa nikifanya kazi ya utangazaji hapa mjini kwa miaka zaidi ya ishirini. Nimevuka pale Magogoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini habari za mtu huyu nilizipata ukubwani, na nilipozipata niliona haya. Mlangoni mwa nyumba yangu kulitokea jambo ambalo watoto wa Edinburgh huenda wanalijua, na mimi silijui. Kwa hiyo leo nitawasimulia maisha ya baharia huyo, halafu nitawaeleza kwa nini kila nikiyafikiria ninamkumbuka bibi yangu, ambaye bahari hakuiona maisha yake yote.

Ritchie alizaliwa Edinburgh, Uskochi, mwezi Januari 1876. Baba yake alikuwa daktari. Mwenyewe hakufuata udaktari, alifuata bahari. Mwaka 1890, akiwa na miaka kumi na minne, umri ambao watoto wetu wanaingia kidato cha kwanza, alianza mafunzo ya uofisa katika jeshi la wanamaji la Uingereza. Akapanda cheo baada ya cheo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwezi Agosti 1914 alikuwa na umri wa miaka 38, ni Kamanda katika manowari Goliath. Goliath ilikuwa meli kubwa ya mizinga, lakini ilikuwa imezeeka. Iliteremshwa majini mwaka 1898, na injini zake zilikuwa zinasumbua. Meli ya namna hiyo haipelekwi mahali ambapo vita ni vikali. Goliath ikaletwa kwetu, katika mwambao wa Afrika ya Mashariki.

Huku kwetu kulikuwa na nini? Kulikuwa na meli iliyowanyima Waingereza usingizi. Ilikuwa manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ambayo wazee wa pwani waliiita Manowari na Bomba Tatu, kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi. Iliingia Dar es Salaam mwezi Juni 1914, watu wakajazana ufukweni kuitazama. Vita vilipokaribia ikatoka. Tarehe 20 Septemba 1914 ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Zanzibar, mitambo yake ikitengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama. Kisha ikatoweka. Ilikuwa imeingia katika delta ya mto Rufiji, ikajificha ndani kabisa ya mikoko. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina kidogo cha maji. Ikabidi waizibie njia na kungoja.

Sasa manowari iliyozingirwa ni kama mtu aliyezingirwa ndani ya nyumba. Inahitaji kula. Chakula chake ni makaa ya mawe. Na hapa Dar es Salaam, ndani ya bandari yetu, zilikuwapo meli za Kijerumani za biashara: König, Feldmarschall, na nyingine iliyoitwa Tabora, ambayo Wajerumani walikuwa wameifanya hospitali. Mwezi Agosti Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha chelezo chao cha kuelea mlangoni mwa bandari ili adui asiingie. Lakini miezi ilipopita Waingereza wakatambua kwamba njia bado ipo. Kama njia ipo, basi meli hizo zinaweza kutoka usiku mmoja, zikapeleka makaa Rufiji, na Bomba Tatu ikafufuka. Ndipo ikaamuliwa kwamba meli zile lazima zivunjwe injini zikiwa humo humo bandarini.

Hapa, ndugu msikilizaji, hadithi yetu inakuwa na ndimi mbili, na mimi sitaki kukupa ulimi mmoja tu.

Mwanzoni mwa vita, baada ya manowari ya Kiingereza Astraea kuupiga mji wetu kwa mizinga tarehe 8 Agosti 1914, Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alifanya mapatano na Waingereza kwamba Dar es Salaam isipigane, na wao wasiipige. Wakubwa wa jeshi la wanamaji kule London hawakuyakubali mapatano hayo. Mwanzoni mwa Novemba Waingereza waliteremsha majeshi yao Tanga, wakashindwa vibaya na Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa hiyo asubuhi ile ya tarehe 28 Novemba, manowari Goliath na Fox zilipotokea nje ya bandari, hakuna aliyekuwa na uhakika kama mapatano yangalipo au yamekufa.

Mjini kulikuwa na bendera nyeupe mbili. Maofisa wa Kijerumani walikwenda kuonana na Waingereza kwenye manowari Fox. Waingereza wakasema wanataka kuingia kukagua meli. Baadaye Wajerumani walisema kwamba walikubali ukaguzi, hawakukubali uvunjaji. Waingereza nao walisema kwamba walipigwa risasi chini ya bendera nyeupe, na huo ni usaliti. Mmoja akamwita mwenzake mwongo, na wote wawili wakaandika vitabu. Wenyeji wa mji, ambao ndio waliolala chini ya mizinga, hawakuulizwa na upande wowote.

Ritchie ndiye aliyepewa uongozi wa kazi ile ya kukagua na kuvunja. Akaingia bandarini na vyombo vidogo vidogo, kwa kuwa Goliath na Fox zilibaki nje. Pamoja naye ilikuwako mashua ya mvuke ya Goliath, na tagi moja iliyoitwa Helmuth, ambayo yenyewe Waingereza waliiteka kutoka kwa Wajerumani. Wakapita hapo tunapopita na pantoni. Wakaliona jumba la Gavana limesimama mahali ilipo Ikulu leo. Wakaiona minara ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu na mnara wa kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambayo tayari yalikuwa yamejengwa. Kando zote zilikuwa na minazi na mikoko, kimya. Watu wa Ritchie wakapanda meli moja baada ya nyingine, wakatega baruti kwenye injini, wakavunja. Hakuna aliyewazuia.

Kimya kile ndicho kilichomtia Ritchie wasiwasi. Katika meli walizozipanda hapakuwa na mabaharia wa kutosha kwa meli za ukubwa ule. Wamekwenda wapi? Mwanamaji wa miaka ishirini na nne kazini anajua kwamba meli haiachwi tupu bila sababu. Basi kabla ya kugeuza kurudi akatoa amri moja ndogo. Palikuwa na matishari ya chuma bandarini, yale ya kupakulia mizigo. Akaamuru matishari mawili yafungwe kwenye mashua yake, moja ubavu wa kulia, moja ubavu wa kushoto. Mashua ikawa katikati kama mtu aliyeshikwa na ndugu zake wawili.

Amri hiyo naomba uikumbuke. Nitairudia.

Vyombo vilipoelekea mlangoni, risasi zikaanza. Zilitoka kwenye minazi, zikatoka kwenye mikoko, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Tagi Helmuth ilipita katika mvua hiyo. Kisha ikaja mashua ya Ritchie, nzito, polepole, na matishari yake mawili. Risasi zikagonga chuma. Zile zilizopita juu ya chuma zikatafuta watu. Ritchie alipigwa pajini pa uso. Akapigwa mikononi, mkono huu na mkono huu. Akapigwa nyongani. Kila akipigwa anaendelea kutoa amri. Mwisho risasi mbili zikapita kwenye mguu wake wa kulia, na hapo akaanguka akazimia. Yalikuwa majeraha manane. Kutoka la kwanza hadi la mwisho zilipita dakika kati ya ishirini na ishirini na tano.

Nazitaja dakika hizo kwa sababu maalumu. Zimeandikwa. Zimo katika tamko rasmi la nishani yake, lililotolewa katika gazeti la serikali ya Uingereza tarehe 10 Aprili 1915. Mtu aliketi, akayahesabu majeraha ya mwanadamu mmoja, akapima na muda kati ya la kwanza na la mwisho.

Mashua ilitoka. Manowari zikajibu kwa mizinga, na siku mbili baadaye zikarudi kuupiga mji tena. Jumba la Gavana liliharibiwa katika mashambulizi ya siku hizo za mwisho wa mwaka 1914. Waingereza walikuja kulijenga upya baada ya wao kuwa watawala. Baadhi ya wenzake Ritchie walibaki nyuma kwenye zile meli, wakatekwa. Miongoni mwao alikuwamo daktari Holtom, aliyekuwa amekwenda kuikagua meli ya hospitali. Yeye baadaye aliandika kitabu kuhusu miaka yake miwili ya kuwa mateka katika nchi hii. Mabaharia wawili wa mashua ya mvuke, Clark na Upton, nao walipewa nishani, za ngazi ya chini kuliko ile ya Kamanda wao.

Ritchie alilazwa Zanzibar kwa wiki kadhaa, kisha akarudishwa kwao Uingereza kuendelea na matibabu. Akiwa huko, Goliath iliondoka katika mwambao wetu ikapelekwa vitani Dardanelles, upande wa Uturuki. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1915, manowari ndogo ya Kituruki iliinyemelea gizani, ikaipiga kwa torpedo tatu. Goliath ikapinduka ikazama. Watu zaidi ya mia tano walikufa, wengi wao wenzake Ritchie, watu aliokula nao na kucheka nao. Yeye hakuwamo. Hakuwamo kwa sababu ya risasi za Dar es Salaam. Fikiria maisha ya mtu huyo baada ya hapo. Risasi zilizotaka kumwua Magogoni ndizo zilizomwondoa kwenye meli iliyozama. Mungu akipanga, mwanadamu hana la kusema.

Hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Mwili uliotobolewa mara nane hauwi tena mwili wa baharia. Alistaafu, akapewa cheo cha Kapteni akiwa tayari nje ya kazi, akaishi Edinburgh miaka mingi. Alifariki tarehe 9 Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 82. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Tarehe ni ile ile. Mimi siyo mpiga ramli, nimeitaja tu kwa kuwa imenigusa.

Wapo watakaosema kwamba Ritchie siye mwanamaji wa kwanza wa vita ile kuvaa Msalaba wa Victoria. Ni kweli kwamba Luteni Norman Holbrook wa nyambizi B11 alitangazwa mapema zaidi, mwezi Desemba 1914. Lakini tendo la Holbrook lilikuwa la tarehe 13 Desemba. La Ritchie lilitangulia kwa wiki mbili. Kwa hiyo katika wanamaji wote wa Uingereza, katika bahari zote za dunia, tendo la kwanza la vita ile lililopata nishani hiyo lilitendeka kwenye mkondo wa pantoni yetu.

Hadithi hii nilimsimulia mzee mmoja wa Magogoni, baharia mstaafu. Alifanya kazi melini tangu ujana wake na sasa anauza kahawa na kashata karibu na soko la samaki. Nilimsimulia kwa mbwembwe zote za redioni. Nilipofika kwenye majeraha manane nilinyamaza kidogo nione atafanya nini. Akanimiminia kahawa, akasema:

“Mwanangu, hayo majeraha nimeyasikia. Turudi kwenye matishari. Aliyafunga kabla ya risasi au baada ya risasi?”

Nikamjibu, “Kabla, mzee.”

“Basi ushujaa wake ulikuwa hapo. Kupigwa risasi siyo kazi ya mtu. Risasi hata mbuzi anapigwa. Lakini kunusa shari wakati maji yametulia, ukafunga chuma ubavuni, ukawarudisha vijana wa watu kwa mama zao, huo ndio ubaharia. Hiyo nishani yake imeyataja matishari?”

Ndugu msikilizaji, nilirudi nikalisoma tena lile tamko. Halikuyataja. Limetaja uvumilivu, limetaja majeraha, limetaja dakika. Tendo ambalo mzee wa kahawa aliliona mara moja, tendo lililookoa roho za watu, halimo. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: mtu anapoandika habari za ushujaa, anahesabu nini? Na asiyehesabiwa anakwenda wapi? Waswahili walikwisha kusema, asiyekuwapo na lake halipo.

Katika vita ile ile, huku huku Afrika ya Mashariki, Msalaba wa Victoria ulitolewa mara nne. Wa kwanza ni huu wa Ritchie. Mwingine alipewa Luteni Dartnell, aliyefia karibu na Maktau, Kenya, mwaka 1915. Mwingine Kapteni Bloomfield kwa tendo lake la Mlali mwaka 1916, na mwingine Sajini Booth karibu na Songea mwaka 1917. Wote wanne walikuwa Wazungu, na mimi sitaki kuwapunguzia chochote. Hao watatu wa mwisho, kila mmoja alimwendea mwenzake aliyejeruhiwa, au alibaki naye, wakati angeweza kujiokoa. Hao ni watu. Lakini askari wa Kiafrika waliokuwa katika vita ile ni maelfu, na Msalaba huo haukumfikia hata mmoja.

Na askari walau alikuwa na bunduki na namba. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi. Nchi haikuwa na barabara, na mbung'o walimaliza wanyama wa kubebea mizigo, kwa hiyo vita vilibebwa kichwani. Risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, machela ya majeruhi, yote kichwani. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu ya watu kwa kazi hiyo, na kikosi chao cha wapagazi, Keria Koo kama kilivyotamkwa na wenyeji, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo hapa Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Wajerumani nao walichukua watu kila walipopita. Hesabu ya Waingereza wenyewe ilisema wapagazi wao waliokufa ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wameonyesha kwamba idadi ya kweli ni kubwa zaidi ya hiyo. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa.

Wewe unayenunua kitenge Kariakoo Jumamosi, unanunua juu ya jina la watu hao. Na ukitoka hapo ukaenda mpaka Sanamu ya Askari pale mjini, iliyozinduliwa mwaka 1927, utakuta maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayowashukuru askari na wapagazi. Shukrani zipo, ila majina hayapo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri wazi kwamba watu wasiopungua laki moja, wengi wao Waafrika na watu wa Asia, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita.

Nilipoisoma ripoti ile nilikasirika. Nikapanga kuandika makala kali ya kuwashutumu. Nikakaa mezani, nikashika kalamu, nikaanza na habari za nyumbani kwetu, nikitaka kuonyesha mfano. Kalamu ikasimama hapo hapo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Mahenge. Alifariki mwaka 1994, mimi nikiwa kijana wa miaka kumi na minne. Jioni, akiwa anachambua mchele, alikuwa akisimulia kwamba wakati wa vita vya Mdachi, yeye akiwa mtoto mdogo, walikuja watu wenye kamba. Walimchukua baba yake akiwa anaezeka nyumba. Nyumba ilibaki nusu ina nyasi, nusu haina. Bibi hakujua kama waliokuja walitumwa na Mdachi au na Mwingereza. Kwa mtoto, mwenye kamba ni mwenye kamba. Baba yake akaenda, na hakurudi. Mama yake aliikataa ile nusu ya paa isimaliziwe na mtu mwingine, mpaka mvua ilipoiangusha nyumba yenyewe.

Habari hiyo niliisikia pengine mara kumi. Kisha nikakua, nikasoma, nikapata stashahada ya uandishi wa habari. Tulifundishwa kwamba habari bila majibu ya maswali matano siyo habari: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Na la kwanza kabisa ni nani.

Ndugu msikilizaji, mzee yule aliitwa nani? Bibi alikuwa akimwita “baba” tu, na mimi sikuwahi kumwuliza. Baba yangu naye ametangulia mbele ya haki, na yeye pia sikumwuliza. Shangazi zangu waliobaki wanamjua kama “yule aliyechukuliwa”. Basi. Nilitaka kumshutumu Mwingereza kwa kutoandika jina la babu yangu, nikakuta mimi mjukuu wake, mwenye kalamu, mwenye redio, mwenye cheti ukutani, sikuliandika pia. Bibi alikaa nami miaka kumi na minne akilisubiri swali moja.

Kwa hiyo ile makala ya hasira sikuiandika. Nimeandika hii.

Henry Peel Ritchie alikuwa shujaa. Alikuja katika bandari isiyo yake, katika vita ambavyo wenye bandari hawakuvitaka, lakini alipokuwa ndani ya mkondo ule alifanya kazi yake mpaka fahamu zilipomtoka, na watu wake wengi wakatoka hai. Namheshimu kwa hilo, na zaidi namheshimu kwa matishari mawili. Lakini tunamjua leo kwa sababu kwao walikuwapo watu walioona kwamba jeraha la mtu wao lina thamani ya kuhesabiwa. Walihesabu moja, mbili, tatu, mpaka nane. Hilo la kuhesabu watu wetu halihitaji manowari wala himaya. Linahitaji daftari la shule na mtu mmoja wa kuuliza.

Nyumbani kwako huenda bado yupo mzee. Huenda anayajua majina ya waliochukuliwa, waliobeba, waliopiga mbizi kumwokoa mtu mto ulipofurika, waliolea yatima wa njaa. Hizo ni nishani ambazo hazikutolewa. Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, kaa naye. Usianze na swali la lini wala la wapi. Anza na la nani. Andika jina, kisha mwulize lililofuata.

Na kesho ukipanda pantoni pale Magogoni, ikifika katikati ya mkondo, nyanyua macho uangalie ng'ambo zote mbili. Palikuwa na mtu hapo, na majeraha yake yanajulikana kwa idadi. Halafu mkumbuke na mwezeka nyumba wa Mahenge, ambaye nyumba yake ilibaki nusu paa.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.